Kuchora mandhari na michoro ya mtandao kwa klipati za vekta

Mabango mengi yanayotoka kwenye maduka ya uchapaji ya Kariakoo na Mwenge yana kasoro moja inayofanana. Mnazi umetoka kwenye picha hii, mashua kwenye picha ile, jua limeokotwa kwingine, na kila kimoja kimekuja na kivuli chake, unene wake wa mstari na rangi zake. Panda ghorofani kwenye ofisi, omba mchoro wa mtandao wao, na mara nyingi utakuta hali ileile: rauta ni picha iliyokatwa kwenye tangazo la dukani, swichi ni kisanduku cheusi, intaneti ni wingu la bluu linalong'aa. Vitu vyote vipo, lakini picha haijatoka mkono mmoja.

Nimeziweka kazi hizi mbili, mandhari na mtandao, kwenye mwongozo mmoja kwa sababu mbele ya kompyuta ni kazi ileile. Unatengeneza alama mara moja, kwa uangalifu, halafu unaitumia popote unapoihitaji. Anayejua kupanga minazi kumi bila kuuchora mnazi mara kumi, anajua pia kupanga swichi kumi.

Vekta, na programu za kutumia

Picha ya kamera imejengwa kwa pikseli, na ukiivuta iwe kubwa kingo zinakuwa ngazi ngazi. Vekta inahifadhi maelezo ya umbo: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale, ndani ujazwe kijani. Ndiyo maana mnazi mmoja wa vekta unakaa kwenye kadi ya mwaliko na kwenye bango la mita 6 ukiwa safi vilevile. Muundo unaotumika sana kwa klipati, yaani picha ndogo zilizochorwa tayari ili ubandike kwenye kazi yako, ni SVG, ulioidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001. Faili lake ni maandishi matupu: ukilifungua kwa programu ya maandishi utaona namba za rangi na za nukta, na unaweza kubadilisha rangi humohumo.

Kwa mandhari tumia Inkscape. Ni ya bure, ipo tangu 2003, na inakubali Windows, Linux na Mac. Kwa mtandao tumia diagrams.net. Inafunguka kwenye kivinjari, lakini ninashauri upakue ile ya kusimika kwenye kompyuta, maana ikishasimikwa unachora bila intaneti na bando lako linabaki salama. LibreOffice Draw inaweza zote mbili kwa kiasi; kama ndiyo pekee uliyonayo ofisini, anza na hiyohiyo.

Kusanya klipati, kisha zisafishe

Tovuti ya Openclipart ipo tangu 2004 na kazi zilizomo zimeachiwa huru kabisa: unazitumia, unazibadilisha, unaziweka kwenye bango la kulipwa, bila kumwomba mtu. Wikimedia Commons nayo ina SVG nyingi, ila kule kila picha ina leseni yake na nyingine zinataka umtaje mchoraji. Tovuti zinazojitangaza kwa "vekta za bure" zisome mpaka chini. Mara nyingi bure hiyo ni ya matumizi binafsi, na bango la mteja ni biashara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji kama inavyoulinda wimbo wa mwanamuziki.

Kwa upande wa mtandao, alama zinazotambulika zaidi ni za Cisco. Kampuni hiyo imeziruhusu zitumike bila malipo kwa sharti moja, usizibadilishe. Likumbuke sharti hilo, litatuhusu huko mbele.

Ukishapakua, hakikisha ni vekta kweli. Watu huchukua picha ya JPG wakaifunga ndani ya faili la SVG na kuiita vekta. Ifungue kwenye Inkscape, ikuze sana. Kingo zikiwa ngazi ngazi, achana nayo. Njia nyingine ni kubonyeza Ctrl+Shift+G kufungua kundi, kisha herufi N uone nukta za umbo. Ukiona fremu moja ya mstatili na hakuna nukta ndani, hiyo ni picha tu. Inkscape ina uwezo wa kugeuza picha kuwa vekta kwa Shift+Alt+B, na kwa nembo ya rangi mbili inafanya kazi nzuri. Kwa picha ya ufukwe usijaribu, utapata maelfu ya nukta zisizoshikika.

Usafi wenyewe uko hivi. Fungua kundi lote. Futa kivuli, futa mng'ao, futa mstatili mweupe uliojificha nyuma. Chagua rangi chache kwa kazi nzima, sita zinatosha, na kila klipati inayoingia ivalishwe hizo. Rangi nzuri zinapatikana kwa kuingiza picha uliyopiga mwenyewe mahali penyewe na kuzichota kwa kidondoshi, kitufe D. Halafu amua unene wa mistari: ama vitu vyote viwe na mstari wa ukingo wenye unene mmoja, ama visiwe nao kabisa. Mimi kwa mandhari naondoa mistari yote, kwa mtandao naiacha. Kumbuka kwamba Inkscape ina kitufe juu kinachoamua kama unene wa mstari ukue pamoja na umbo. Kikiwa kimewashwa, mashua uliyoipunguza itakuwa na mstari mwembamba kuliko ile ya pembeni, na hapo ndipo picha inapoanza kuonekana ya kuungaunga.

Mwisho funga kundi kwa Ctrl+G, fungua dirisha la alama kwa Ctrl+Shift+Y, na uiongeze kwenye hati. Ipe jina la Kiswahili utakalolikumbuka: mnazi, ngalawa, swichi. Ukitaka alama zako zionekane kila unapofungua kazi mpya, hifadhi faili hilo ndani ya folda ya symbols ya Inkscape. Mahali ilipo pameandikwa kwenye mipangilio, sehemu ya System.

Mandhari: Coco Beach alfajiri

Kabla ya kugusa kipanya, jiulize unatazama upande gani. Coco Beach inatazama mashariki. Jua la pale linachomoza baharini na kuzama nyuma yako, huko Magomeni na Ubungo. Bango linaloandika machweo ya Coco na kuonyesha jua likitumbukia kwenye maji limekosea, na mtu aliyekulia Dar es Salaam analigundua hata kama hatasema. Klipati nyingi za ufukwe zilichorwa na watu ambao bahari yao iko magharibi, kwa hiyo kosa hili linakuja limeshapakiwa. Kama mteja anang'ang'ania jioni, mpe mwezi: mwezi mpevu unachomoza upande wa bahari karibu na saa ambayo jua linazama, na ni picha ya kweli.

Alfajiri ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Unatazama mwanga, hivyo kila kilicho kati yako na jua kinakuonyesha upande wake wa giza. Mnazi wa mbele unakuwa karibu mweusi wote, na hakuna haja ya kuhangaika na vivuli vya magome.

Fungua ukurasa wa A3 uliolala, milimita 420 kwa 297. Kwa Ctrl+Shift+L tengeneza matabaka matano na uyape majina: anga, bahari, vyombo, mchanga, mbele. Yafunge yote isipokuwa unalolifanyia kazi. Asiyetumia matabaka anaishia kuvuta anga kila anapotaka kuvuta mashua.

Chora mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na anga. Uwe mlalo kabisa, na uuweke theluthi moja kutoka chini, au theluthi moja kutoka juu kama unataka maji mengi. Katikati picha inagawanyika vipande viwili vinavyogombana. Anga ni mstatili wenye rangi inayobadilika taratibu, kitufe G: machungwa chini karibu na upeo, ikipanda kuelekea samawati ya kijivu. Bahari inaazima rangi kwa anga, kwa hiyo tumia rangi zilezile kwa mpangilio uliogeuzwa, iliyokolea kidogo. Chini ya jua weka mistari mifupi ya mlalo yenye rangi ya jua, myembamba kule mbali, minene huku karibu. Usiweke mingi.

Sasa vyombo. Hapa ndipo klipati zinaposaliti, kwa sababu zinabandikwa bila hesabu ya ukubwa. Kanuni ni rahisi: vyombo vyenye ukubwa sawa vikiwa kwenye maji yaleyale, kimo cha kila kimoja kwenye picha kinafuata umbali wa chini yake kutoka mstari wa upeo. Ngalawa ambayo tumbo lake linagusa maji milimita 40 chini ya upeo, na wewe umeipa kimo cha milimita 60, ikisogezwa hadi milimita 20 chini ya upeo iwe na kimo cha milimita 30. Ikifika milimita 10, kimo ni 15. Pima kwa kutazama namba za X, Y, W na H zilizo juu ya ukurasa. Ukiifuata kanuni hii, hata klipati zilizotoka sehemu tofauti zinakaa kwenye bahari moja.

Chagua ngalawa ya kweli: mtumbwi mwembamba, mirengu pande zote mbili, tanga moja la pembetatu. Mashua za starehe zenye matanga mawili meupe ziachie picha za kwingine. Vivyo hivyo misonobari, milima yenye theluji, na twiga aliyesimama mchangani. Mchoro wa mandhari unamwambia mtazamaji yuko wapi, na kila klipati ya kigeni inamtoa hapo.

Mnazi nitauchora polepole, kwa sababu ukiupata huu umepata mbinu yote.

Anza na kuti moja. Chukua kalamu, kitufe B, chora uti wa kuti ukipinda kama upinde uliolegea, kisha pande zake mbili chora vijani vilivyochanika, virefu katikati ya kuti na vifupi nchani. Visiwe sawa. Vya upande wa chini vinaning'inia zaidi. Ukimaliza, viunganishe viwe umbo moja kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Sasa bofya kuti mara ya pili mpaka mishale ya kuzungusha itokee, na uone kimsalaba kidogo katikati. Kivute mpaka pale kuti linapochomoka kwenye mti. Bonyeza Alt+D kupata kloni, yaani nakala inayoendelea kufuata umbo la awali, izungushe. Ukishikilia Ctrl inazunguka kwa nyuzi 15 kila hatua, ila mimi siishikilii, kwa sababu makuti yaliyopishana sawasawa yanatoa mwavuli. Mawili matatu yasimame karibu wima, manne matano yalale pembeni, na mawili yaliyozeeka yaning'inie yakigusa shina. Kwa baadhi bonyeza H yageuke upande. Shina liwe nene chini, jembamba juu, na lipinde kidogo. Vishada vya nazi viwe chini ya makuti, vimejificha nusu.

Faida ya kloni unaiona hapo. Rudi kwenye kuti la kwanza, lichane zaidi, na makuti yote yanachanika. Ukitaka baadhi ya kloni ziwe na rangi yao, kwa mfano yale mawili yaliyokauka yawe kahawia, fungua dirisha la rangi kwa Ctrl+Shift+F, chagua kuti la awali, na kwenye rangi yake ya kujaza bonyeza kitufe chenye alama ya kuuliza. Baada ya hapo kila kloni inakubali rangi yake. Funga mnazi mzima kuwa kundi, uingize kwenye dirisha la alama, kisha panga minazi mitatu minne mbele: mmoja mkubwa uliokatwa na ukingo wa picha, mingine midogo, mmoja umegeuzwa kwa H.

Geuza huo mmoja kwa kuangalia upepo. Upepo ni mmoja kwenye picha nzima. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, na ukiwa Coco Beach umetazama bahari, kusini iko mkono wa kuume. Makuti na bendera vinasukumwa kuelekea kushoto. Wakati wa kaskazi ni kinyume. Mchoro wenye makuti yanayoenda kushoto na bendera inayoenda kulia unamsumbua mtazamaji hata kama hajui kinachomsumbua.

Umbali mwingine unaletwa na rangi. Vitu vya mbali vichanganye na rangi ya anga mpaka vififie, vya karibu viache na giza lake. Nyasi na vijiti vya mchangani vimwage kwa zana ya kupulizia ya Inkscape, kitufe A, ukiwa umechagua itoe kloni.

Ukisogea mwisho wa kusini wa ufukwe na kugeukia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, kila kitu kinabadilika: asubuhi mwanga unakuja kutoka kushoto kwako, na nguzo zote, kuta zote na vigogo vyote vinang'aa upande huo. Ukikuta klipati ya jengo yenye mwanga kulia, igeuze kwa H kabla hujaiweka, ila angalia isiwe na maandishi.

Mchoro wa mtandao

Mandhari inatazamwa na mtu aliyetulia. Mchoro wa mtandao unasomwa na mtu mwenye haraka, intaneti imekata na watu wamesimama mlangoni. Mkuu wa shule mmoja alipokabidhiwa mchoro wa shule yake aliuliza swali ambalo kila mchoraji ajiulize: "Sasa fundi, ikikata mimi nianzie wapi?" Jibu likawa, "Mwalimu, anzia juu. Taa ya kisanduku hiki ikiwaka nyekundu, mpigie mtoa huduma. Ikiwa kijani, shuka kwenye rauta." Kama mchoro hauwezi kujibu hivyo, haujakamilika.

Tuchukue shule yenye majengo mawili, utawala na maabara ya kompyuta.

Hatua ya kwanza iko mbali na kompyuta. Zunguka na daftari, fuata kila waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, andika umeingia lango (tundu la waya kwenye kifaa) namba ngapi. Usiamini maneno ya mtu kwamba waya huu unakwenda maabara. Vuta, tazama, jaribu.

Ya pili, amua unachora nini. Kuna mchoro unaoonyesha nani anaongea na nani, na kuna mchoro unaoonyesha kifaa kimekaa chumba gani na waya umepita wapi. Ni michoro miwili. Wengi wanaivuruga kwa kuweka kuta na milango kwenye ule wa kwanza, na anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) kwenye ule wa pili, mpaka hakuna unaosomeka.

Ya tatu, alama. Rauta kwa desturi ni duara nene lenye mishale minne, miwili inaingia na miwili inatoka. Swichi ni kisanduku chenye mishale inayokwenda pande mbili zinazopingana. Kinga ya mtandao ni ukuta wa matofali. Wingu ni mtandao usio wako, ambao huna haja ya kujua yaliyomo ndani. Alama hizi zimezoeleka duniani kote, kwa hiyo usibuni zako kwa kazi ya kawaida. Fundi atakayekuja baada yako kutoka Arusha au Nairobi atazisoma bila kuuliza. Diagrams.net inazo tayari, unawasha maktaba ya Cisco kwenye orodha ya maumbo. Chagua seti moja na ubaki nayo. Kwa vifaa ambavyo seti haina, mfano betri ya akiba au kamera ya getini, chora cha kwako kwa Inkscape na ukiingize kwenye maktaba mpya ya diagrams.net. Ujue tu kwamba maktaba hiyo haifanyi kama kloni: ukibadilisha alama iliyomo, zile ulizokwisha kuziweka kwenye ukurasa zinabaki kama zilivyo. Kubadilisha, buruta alama mpya juu ya ile ya zamani mpaka ikoni ya kubadilishana itokee katikati, kisha achia.

Ya nne, mpangilio. Wingu la intaneti juu kabisa, chini yake kisanduku cha faiba cha mtoa huduma, kisha rauta, kisha swichi ya utawala, kisha watumiaji. Maabara iteremke pembeni kwa swichi yake. Vifaa vya ngazi moja vikae mstari mmoja. Vichague vyote na uvipange kwa amri ya kulinganisha, usikadirie kwa jicho. Jicho linasamehe mnazi uliopinda, halisamehi swichi iliyopinda.

Ya tano, mistari, na hii ndiyo inayotofautisha mchoro na picha ya mapambo. Usichore mstari wa kawaida. Tumia kiunganishi: peleka kipanya ukingoni mwa rauta, vuta mpaka swichi, achia pale ukingo unapobadilika rangi. Sasa isogeze swichi. Mstari unafuata. Mstari wa kawaida ungebaki hewani. Mistari ikipishana sana, sogeza vifaa kwanza kabla hujaanza kupinda mistari.

Kila mstari uandike namba ya lango kwenye ncha zote mbili. Kila kifaa kiwe na jina lililobandikwa pia juu ya kifaa chenyewe, SW-UTAWALA-1 au SW-MAABARA-1, na anwani yake, mfano 192.168.10.2. Aina za waya zitofautishe kwa umbo la mstari, siyo rangi peke yake, kwa sababu mchoro utatolewa kopi nyeusi na nyeupe stesheneri: mstari kamili kwa waya wa shaba, mstari mara mbili kwa faiba, vidoti kwa Wi-Fi. Andika na urefu. Waya wa shaba wa mtandao unahesabiwa mwisho mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kama kati ya utawala na maabara kuna mita 140 na mchoro unaonyesha mstari wa shaba, umeshajua kwa nini maabara inalalamika kila siku, na umeijua bila kufungua kifaa hata kimoja.

Kitu ambacho michoro mingi haina, na hapa kwetu nakiona cha lazima, ni umeme. Chora fremu nyepesi kuzunguka vifaa vilivyo kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, rauta ya utawala inabaki inawaka kwa betri, lakini swichi ya maabara imezimika, na watu wanamlaumu mtoa huduma. Fremu hiyo moja inaokoa simu nyingi.

Nywila zisiwepo kwenye mchoro wowote. Nakala ya kuonyesha wageni au kuweka kwenye ripoti itengenezwe bila anwani za IP. Ziweke anwani kwenye tabaka lake ili uzizime kwa mara moja. Pembeni andika tarehe ya mwisho ya marekebisho. Kisha chapisha na ubandike ndani ya mlango wa raki, kabati la vifaa vya mtandao, maana mchoro ulio kwenye hifadhi ya mtandaoni haufunguki siku mtandao umekata.

Mandhari na mtandao kwenye karatasi moja

Zoezi ninalolipenda zaidi ni bango la darasani linaloonyesha intaneti inavyofika Dar es Salaam. Wanafunzi wengi wanaamini inatoka angani kwa satelaiti, na mabango mengi yanachora hivyo. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika 2009, EASSy ukafuata 2010, na tangu hapo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia inapita chini ya bahari.

Chora mandhari iliyokatwa ubavuni, bahari kushoto, nchi kavu kulia. Juu ya maji kuna meli na ngalawa, chini kuna sakafu ya bahari inayopanda kuelekea ufukweni. Mkongo ulale sakafuni, uingie mchangani, ufike kituo cha kupokelea, uendelee kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na kwa watoa huduma, mpaka mnara wa simu na simu iliyo mkononi mwa mtu. Kwenye kina kirefu mkongo ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani; karibu na pwani unazungushiwa nyaya za chuma kuukinga na nanga. Uonyeshe hivyo, mstari unaonenepa ukikaribia ufukwe. Mpe mkongo rangi ambayo haipo popote pengine kwenye picha, mtoto aufuate kwa kidole kutoka baharini hadi kwenye simu. Chini andika kwamba mchoro haukufuata vipimo.

Hapa alama za Cisco hazifai. Bango linataka rangi zake sita na maumbo bila mistari, na sharti lilisema usizibadilishe. Chora vifaa vyako mwenyewe kwa mtindo wa mandhari, vichache na vikubwa, ukiheshimu maumbo yaliyozoeleka.

Kupeleka kwa mchapaji

Hifadhi faili la awali la SVG, kisha fanyia kazi nakala. Kwenye nakala chagua maandishi yote na uyageuze kuwa maumbo kwa Ctrl+Shift+C, la sivyo kompyuta ya dukani itayabadilisha fonti. Toa PDF. Bango likikatwa hadi ukingoni, rangi ya nyuma izidi milimita 3 kila upande. Kwa mteja anayetaka kuona kwenye simu, toa PNG. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na kwenye WhatsApp itume kama hati, siyo kama picha, isibanwe.

Mchoro wa diagrams.net ukiuhamishia Inkscape kama SVG, maandishi yanaweza kupotea na badala yake ukaona ujumbe wa Kiingereza kwamba maandishi si SVG. Rudi, chagua maumbo yenye maandishi, zima maandishi yenye umbizo na ukunjaji wa mistari, kisha utoe upya. Au toa PDF na uifungue hiyo.

Na bahari yako ya samawati iliyokolea itatoka hafifu kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, kwa sababu Inkscape inachanganya rangi kwa mwanga na mashine inachanganya kwa wino. Mwombe mchapaji akutolee kipande cha upana wa kiganja chenye anga, bahari na mchanga kabla hajaliweka bango zima mashineni, na kitazame nje juani, kwa sababu huko ndiko litakakoning'inizwa.